Heko kwa Wachovya Karatasi

Mhudumu wa hoteli akifuta chai iliyomwagika mezani kwa mpito mmoja wa kitambaa, asichukue sifa zote. Chini ya ung'avu wa meza ile kuna karatasi, na kuna watu walioichovya.

Mwaka 1907, nchini Marekani, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji, Leo Baekeland, alipika fenoli na fomaldehaidi akapata utomvu usiotoka kwenye mti wowote. Mwaka 1913 Herbert Faber na Daniel O'Conor wakaanzisha kampuni ya Formica mjini Cincinnati, watengeneze kwa utomvu wa aina hiyo vihami vya umeme badala ya madini ya maika. Jina lilitokana na hilo: kwa Kiingereza, "for mica". Meza zilikuja baadaye.

Wanaonishangaza hasa ni watu wa mashine ya kuchovya. Karatasi ngumu ya kaki hupita kwenye birika la utomvu ulioyeyushwa kwa spiriti au maji, hukamuliwa na rola, kisha huingia tanurini. Hapo ndipo penye ufundi: ikikauka kupita kiasi, tabaka hazishikani, ikibaki mbichi, ubao hufura malengelenge. Na mvuke wa fomaldehaidi huchoma macho, hivyo kazi hii si ya kuchezea.

Karatasi kadhaa za kaki hupangwa, juu yake karatasi ya nakshi iliyolowa melamini, ndipo zishindiliwe kati ya mabamba ya chuma kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Utomvu ukishaiva humo hauyeyuki tena, hata ukiutia moto upya. Ndiyo maana sufuria ya chai haiachi alama upesi, ingawa mama mwenye meza bado ataweka kitambaa chini yake.