Bendi Moja, Wageni Sita: Namna Tamasha la London Lilivyosukwa

Usiku wa Novemba 27, 2000, bendi ya The Who ilipiga roki ndani ya Royal Albert Hall jijini London kuwachangia vijana wenye saratani. Wageni sita walipanda jukwaani kuisindikiza: Noel Gallagher wa Oasis, Paul Weller, Bryan Adams, Eddie Vedder wa Pearl Jam, Kelly Jones wa Stereophonics na mpiga fidla Nigel Kennedy. Ukiisoma orodha hiyo unaweza kudhani kazi yote ilifanywa na majina. Nimeisikiliza rekodi ya usiku ule mara nyingi, mwanzo hadi mwisho, na kila nikiirudia naona kwamba majina yaliwaleta watu ukumbini, lakini kilichoufanya usiku ule uzae matunda ni mpango.

Tuanze na tatizo ambalo kila mwandaaji wa tamasha la nyota wengi hukutana nalo. Kila msanii huja na bendi yake, vyombo vyake na fundi wake wa sauti. Mmoja akishuka, mafundi huondoa ngoma, huvuta nyaya, hupanga maikrofoni upya na kujaribu mitambo. Hapo mshereheshaji huongea mpaka maneno yanamwishia, na watu wanaanza kutazama saa. Mabadiliko sita ya namna hiyo hula usiku mzima, na kila saa ya ukumbi na mafundi ni fedha ambayo ingemfikia mgonjwa.

London walilikwepa tatizo hilo kwa uamuzi mmoja: bendi moja ilibaki mwenyeji wa jukwaa usiku kucha. Roger Daltrey aliimba, Pete Townshend alishika gitaa, John Entwistle besi, Zak Starkey ngoma na John Bundrick kinanda. Wageni waliingia mmoja mmoja ndani ya nyimbo za The Who wenyewe. Ngoma za Starkey hazikuhitaji kusogezwa hata shubiri moja. Mgeni alihitaji maikrofoni, na pengine chombo chake mkononi. Anayejua taarabu atauelewa mpangilio huu mara moja: wapigaji hukaa mahali pao, waimbaji hupokezana kusimama mbele, na muziki haukatiki.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, nao ni kumpatia kila mgeni wimbo unaomfaa. Weller aliimba "So Sad About Us" pamoja na Townshend, magitaa mawili tu. Wimbo huo haukuwa mgeni kwake, kwani bendi yake ya The Jam iliurekodi mwaka 1978. Kennedy alipewa "Baba O'Riley", wimbo ambao tangu rekodi yake ya kwanza ya mwaka 1971 humalizikia kwa fidla. Nafasi yake ilikuwa ikimsubiri kwa miaka 29. Bryan Adams mwenye sauti ya kukwaruza aliingia katika "Behind Blue Eyes", wimbo unaoanza kwa upole kisha ukalipuka. Wageni hawa hawakulazimishwa kuvaa nguo za kuazima. Mwandaaji akimpa msanii wimbo uliokwisha kumwingia damuni, mazoezi huwa mafupi na makosa hupungua. Na msanii aliyekubali kuja bure anastahili heshima hiyo, asiaibike mbele ya watu.

Kisha kuna ukumbi wenyewe. Royal Albert Hall ulifunguliwa mwaka 1871, una umbo la yai na kuba kubwa juu. Tangu siku za mwanzo ulisumbua kwa mwangwi: sauti ilipanda kwenye kuba, ikarudi imechelewa na kuyavuruga maneno. Mwaka 1969 ndipo visahani vikubwa vya fiberglasi, ambavyo wenyewe huviita uyoga, vilipoanza kutundikwa darini ili kuitawanya sauti. Hata hivyo si ukumbi wa kuuendea kwa kelele tupu, na The Who ni bendi ya kelele hasa: mwaka 1976 katika uwanja wa Charlton sauti yao ilipimwa desibeli 126. Usiku wa hisani walichanganya. Baada ya nyimbo nzito, Townshend alibaki na gitaa lisilo la umeme akapiga "Drowned" peke yake. Utulivu wa namna hiyo hupumzisha masikio, na mlipuko unaofuata hupata uzito wake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ukumbi ule huchukua watu zaidi kidogo ya 5,000, hivyo mapato ya tiketi yana dari. Hapa ndipo naona akili kubwa ya Daltrey, aliyeyaasisi matamasha haya. Wasanii walijitolea bila malipo. Tena hakutegemea usiku mmoja. Tamasha liligeuka kuwa mfululizo wa usiku kadhaa katika wiki moja, likirudi karibu kila mwaka. Mitambo ikishafungwa, usiku wa pili hauanzii sifuri. Kwa njia hiyo, katika miaka zaidi ya 20, matamasha haya yamekusanya zaidi ya pauni milioni 30. Kurudi kila mwaka kulizaa pia mambo yasiyotarajiwa: Machi 2013, Noel Gallagher na Damon Albarn wa Blur, waliokuwa mahasimu wakubwa miaka ya 1990, walisimama pamoja kwenye jukwaa lile. Ugomvi uliouza magazeti kwa miaka mingi ukawekwa kando kwa ajili ya watoto wa watu.

Fedha hizo zilikuwa na njia iliyokwisha kuchimbwa. Shirika lililozipokea, Teenage Cancer Trust, lililoanzishwa na Daktari Adrian Whiteson na mkewe Myrna, lilifungua wodi yake ya kwanza katika hospitali ya Middlesex jijini London mwaka 1990, miaka 10 kabla ya tamasha la kwanza. Halikujipa kazi ya kuitokomeza saratani. Lilichagua pengo moja: kijana wa kati ya miaka 13 na 24, ambaye hulazwa ama katikati ya watoto wadogo wenye katuni ukutani, ama pembeni ya wazee. Tiba na madaktari ni kazi ya huduma ya afya ya taifa. Shirika huongeza wodi za rika hilo, zenye mahali pa kukaa na wenzao, na wauguzi waliobobea. Leo vitengo hivyo vimefika 28 nchini Uingereza.

Linganisha na tamasha la hisani kwa ajili ya Bangladesh, la Agosti 1, 1971 mjini New York, lililoandaliwa na mwanamuziki George Harrison. Muziki ulikuwa mkubwa na nia ilikuwa safi, lakini masuala ya kodi hayakuwekwa sawa mapema, na sehemu kubwa ya mapato yake ikakwama kwa miaka mingi huku wenye njaa wakisubiri. Nia njema isiyo na mfereji hufurika nje ya shamba.

Mpango mzuri hujulikana pia kwa kuhimili msiba. Februari 8, 2002 Entwistle alipiga besi katika tamasha lingine la hisani hii hii, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho na The Who. Alifariki Juni mwaka huo. Albamu ya usiku wa mwaka 2000, iliyotoka 2003, inafungwa na nyimbo nne za usiku wake huo wa mwisho. Matamasha hayakukoma.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga tamasha la hisani kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, msianze kwa kumpigia simu msanii. Nendeni kwanza wodini, muulize ni kitu gani kinakosekana na kinagharimu kiasi gani, na fedha zitapita mkononi mwa nani mpaka zifike. Mkishayajua hayo, tafuteni bendi moja nzuri itakayokubali kukaa jukwaani usiku kucha. Nyota waiteni mwisho.