Riwaya na Mfuko wa Mtunzi

Wahakiki wetu wamezoea kuipima riwaya kwa maudhui na fani yake, kana kwamba kitabu huwafikia kikiwa kimejishona chenyewe. Ni nadra kuuliza ni nani aliyelipia karatasi. Twadhani swali hilo ni la kihakiki sawasawa na maswali ya msuko na wahusika, hasa kwa riwaya ambazo watunzi wenyewe wamezigharimia, kwani ziko kasoro ambazo chanzo chake si upungufu wa kipaji bali ni upungufu wa fedha.

Jambo hili si geni nchini. Riwaya ya Elvis Musiba, Kufa na Kupona, ilitolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau. Shirika hilo lilikuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Njama, ya mwaka 1981, ilitoka Continental Publishers, kampuni ya Musiba mwenyewe. Ben Mtobwa naye alianzisha Heko Publishers, ambayo mwaka 1987 ilitoa Tutarudi na Roho Zetu. Wawili hawa hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba mtunzi aweza kujitegemea. Ni kweli, lakini walijitegemea kwa kugeuka wachapishaji, na walichokiuza kilikuwa riwaya za kusisimua, zenye wasomaji wanaozingoja. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990, hatuoni jinsi ambavyo ingalirudisha hata bei ya wino kama ingalitembezwa mkononi na mtunzi wake.

Mtunzi anayekwenda kwa mpiga chapa huuliza bei ya nakala moja. Bei atajiwayo ni ya kweli, ila si nzima. Kitabu huchapwa katika karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa kila karatasi. Riwaya ya kurasa 208 hutimiza karatasi 13 barabara. Ukurasa wa 209 hufungua karatasi ya 14, na karatasi hiyo huzidishwa kwa idadi ya nakala zote. Hapo ndipo sura hukatwa. Tumekwisha kusoma riwaya ambazo mwisho wake unakimbia, wahusika watatu wakifa katika ukurasa mmoja, nasi tukaandika kwamba msuko umelegea. Huenda umelegea kweli. Huenda pia fedha ziliishia hapo.

Mabamba ya chapa nayo hugharimu kiasi kile kile, zichapwe nakala 100 au 2,000. Kwa hiyo mpiga chapa, bila hila yoyote, humshauri mtunzi aongeze idadi ili kila nakala iwe rahisi. Tuchukue mfano: nakala 1,000 kwa shilingi 4,000 kila moja ni shilingi milioni 4. Kitabu kikiuzwa shilingi 7,000, na duka likabakiza asilimia 30, mtunzi hupata 4,900. Ni lazima ziuzwe nakala 817 ndipo arudishe alichotoa, kabla ya nauli, kabla ya nakala za Maktaba ya Taifa, na kabla ya zile za ndugu na majirani ambao hawaelewi kwa nini mwenye kitabu awauzie. Miaka ya kuandika hatukuihesabu.

Duka lenyewe hupokea kwa mali kauli. Biashara yake ni vitabu vya kiada, na riwaya ya mtu asiyejulikana huwekwa rafu ya chini. Baada ya miezi sita mtunzi huja kuulizia fedha zake, huambiwa mhusika hayupo, hurudi tena. Tunawajua walioacha kudai kwa sababu nauli imezidi deni. Masanduku yaliyobaki hukaa chini ya kitanda, yakingoja mchwa. Mitambo ya siku hizi yaweza kuchapa nakala 50 tu bila mabamba, na hiyo ni nafuu, ijapokuwa bei ya kila nakala hupanda. Tena kitabu kikipendwa, watu hukipiga picha na kutumiana kwa simu.

Hata hivyo gharama iliyo kubwa kuliko zote haionekani katika hesabu yoyote, nayo ni kumkosa mhariri. Hatusemi msahihishaji wa tahajia, bali msomaji wa kwanza asiye rafiki, mwenye mamlaka ya kusema kwamba sura ya nne haina kazi. Mtunzi anayejilipia hana wa kumkatalia, maana mpiga chapa hukubali chochote kilicholipiwa. Riwaya hutoka ikiwa ni rasimu ya pili iliyovaa jalada la rangi, na mwenye kipaji huhukumiwa kwa rasimu.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotangaza washindi wake wa kwanza mwaka 2023, imewafungulia wachache mlango. Lakini washindi ni wachache kuliko miswada. Ingefaa kila mswada usioshinda umrudie mtunzi pamoja na kurasa mbili za maelezo ya majaji, ayasome kabla hajakwenda kulipia mabamba.