Shingo ya Pikipiki: Namna ya Kupima Chombo Kilichopata Ajali

Watu wamezoea kuisifu rangi. Siku chache zilizopita, kwenye gereji moja iliyo karibu na stendi ya mabasi ya Kasulu mjini, niliikuta Boxer iliyokuwa imetoka kufufuliwa baada ya kugongana na fuso kwenye njia ya Makere, na vijana wameizunguka, huyu akipapasa tangi, yule akiipiga picha stika mpya, wa tatu akiapa kwamba fundi aliyeitengeneza hana mshindani tangu Kigoma mpaka Kakonko. Na mnunuzi, kijana ambaye mama yake alikuwa ameuza magunia ya maharage ili ampatie mtaji wa kazi, alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni. Niliinama, nikatazama mahali pamoja tu, kisha nikamwambia, "Mwanangu, zirudishe fedha zako." Waliokuwapo waliguna, na fundi akanitazama kwa jicho la uadui. Kwa kuwa pale hapakuwa na utulivu wa kueleza jambo likaelezeka, nimeona ni wajibu kuliandika, maana sifa itolewayo pasipo maarifa ni dhuluma kwa mnunuzi na ni fedheha kwa ustadi wenyewe.

Katika nchi za wengine serikali imejitwika sehemu ya kazi hii. Marekani, chombo ambacho kampuni ya bima imekihesabu kuwa gharama ya kukitengeneza yaikaribia au yaipita thamani yake, hati yake hutiwa alama ya kuwa ni mabaki, na hata kikitengenezwa vizuri, historia hiyo humfuata kila mwenye kukinunua. Uingereza, tangu Oktoba 2017, vyombo vya namna hiyo vimepangwa katika makundi manne yenye herufi A, B, S na N: vya makundi mawili ya kwanza havirudi barabarani kabisa, S ni kile kilichoumia katika umbile lake, yaani chesisi, na N ni kile kilichoumia penginepo. Kwetu sisi, kadi inayotolewa na TRA hutaja namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka na jina la mwenye mali, lakini haina hata mstari mmoja wa kueleza kwamba chombo hiki kiliwahi kutolewa mtaroni kimekunjamana. Na kwa kuwa bodaboda nyingi hutembea na bima ndogo peke yake, huwa hapana kampuni iliyowahi kuzikagua na kuzihukumu. Ushahidi wote umebaki katika chuma. Lakini ile tofauti ya S na N, ambayo ni tofauti ya jeraha la mfupa na jeraha la nyama, ndiyo elimu yote ya jambo hili, na mwenye kuinama aweza kuipata bila ya afisa wala hati.

Mambo yanayowashughulisha wengi nitayapita upesi. Madigadi iliyopasuka, saidi mira isiyokuwapo, mkono wa klachi uliosagika ncha, taa iliyofungwa kwa mpira, ekzosi iliyokwaruzwa: haya yote ni nyama, hupatikana dukani kwa fedha kidogo, na muuzaji anayeyaacha yaonekane ni mtu wa kuaminiwa zaidi kuliko aliyeyabadilisha yote. Mimi siinunui pikipiki ya ajali iliyokwisha kupakwa rangi. Hiyo ni kanuni, wala haina mjadala.

Sasa nije kwenye shingo, yaani lile bomba fupi la chesisi linaloushika usukani. Pikipiki inapogonga kwa mbele, gurudumu husukumwa nyuma, foku hupokea kishindo, nayo haina pa kukipeleka ila kwenye shingo, na shingo hukigawa kwa mabomba mawili, la juu lipitalo chini ya tangi na la mbele lishukalo kuielekea injini. Foku ikipinda huonekana, hubadilishwa, na habari imekwisha. Lakini kishindo kikizidi uwezo wa foku, mabomba hayo hujongea kidogo sana, pengine kwa unene wa ukucha, karibu kabisa na pale yalipochomelewa kiwandani, kiasi kwamba jicho la mtu aliyesimama haliwezi kutambua kitu. Rangi ya kiwandani, hata hivyo, haistahimili kukunjwa. Kwenye bomba la mbele, ambalo hubanwa, rangi hujikusanya katika vikunjo vyembamba vya kuzunguka bomba. Kwenye bomba la juu, ambalo huvutwa, hupasuka na kuacha nyuzi za kutu ambazo mgeni wa kazi hudhani ni uchafu wa barabarani. Vumbi letu jekundu hulisaidia jicho hapo, maana huingia katika nyufa hizo na kukaa, na kitambaa kikipita juu yake, uso husafika lakini nyuzi hubaki nyekundu.

Fundi mmoja mzee wa Kibondo, ambaye ujana wake ulipita katika gereji ya misheni, hakuwahi kuanza ukaguzi kwa kuwasha injini. Alichutama mbele ya gurudumu, akafuta shingo kwa kitambaa chenye petroli, akaleta tochi na kuimulika kutoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa mbele hulainisha kila kitu na mwanga wa ubavuni huamsha kila kikunjo. Kisha akafumba macho, akaupitisha ukucha wa kidole gumba tangu juu mpaka chini, polepole, akirudia pale alipotilia shaka. Mnunuzi mmoja aliyechoka kungoja alimwuliza, "Mzee, shikamoo tena, mbona huiwashi tukaisikia?" Naye akajibu pasipo kufumbua macho, "Marahaba. Injini utaipata dukani, kijana wangu. Shingo hii yenye namba yake haiuzwi popote."

Karibu na hapo pana kitu kidogo kuliko vyote, ambacho sijapata kumwona mnunuzi wa kawaida akikitazama: stopa, kile kijichuma kinachouzuia usukani usizunguke mpaka kugonga tangi. Katika maisha ya kawaida hugongwagongwa taratibu, na baada ya miaka huwa na madoa mawili yaliyong'aa, kulia na kushoto, yanayolingana. Pikipiki ikianguka kwa kasi, usukani hutupwa kwa nguvu upande mmoja, na stopa hupondeka upande huo. Basi geuza usukani kulia hadi mwisho, upime kwa vidole nafasi iliyopo kati yake na tangi, ugeuze kushoto, upime tena. Nafasi zikihitilafiana, uliza. Stopa ikiwa imechomelewa upya, au ikiwa imepakwa rangi safi isiyo na doa hata moja ilhali pikipiki imekwisha kula miaka minne ya njia ya Heru Juu, usiulize, ondoka. Ndicho nilichokiona kwenye ile Boxer iliyosifiwa: stopa nyororo, mpya, nyeusi, isiyowahi kuguswa.

Wadanganyifu wanaijua shingo kama sisi tunavyoijua, na hila zao hazipungui. Wapo wanaolipasha bomba moto wa gesi hadi likawa jekundu, wakalinyoosha kwa jeki, wakajaza puti, wakapiga msasa na kupaka rangi, na chuma kilichotendwa hivyo hakirudi kuwa kilivyokuwa. Kitabeba mtu mmoja kwenye lami bila ya lawama, lakini kipe gunia la maharage na abiria wawili kwenye mteremko wa changarawe, na kishindo cha shimo moja chatosha kukifungua. Dawa ya hila hii ni sumaku. Toa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ipitishe shingoni: kwenye chuma hung'ang'ania, kwenye puti hulegea mkononi. Wapo pia wanaoshindilia grisi nzito katika vikombe vya gololi ili usukani uonekane laini. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, inua gurudumu la mbele, na uuzungushe usukani kwa vidole viwili. Gololi zilizopigwa hutoboa vishimo katika vikombe, na usukani hutaka kutua katikati, mahali palepale, hata ukiujaza grisi ya dunia nzima.

Na wapo wenye kughushi namba. Namba ya chesisi aghalabu hugongwa shingoni, ina herufi na tarakimu 17 kwa jumla, na utaratibu wa kimataifa haukubali herufi I, O wala Q ndani yake, kwa kuhofia zisichanganywe na 1 na 0. Chesisi za Bajaj zitokazo India huanza na MD2, za TVS huanza na MD6, na za China huanza na L. Nilipata kuletewa pikipiki ambayo muuzaji wake aliinadi kwa kiapo, na shingoni mwake, katikati ya tarakimu, imo O ya duara kamili iliyogongwa kwa mkono wa mtu asiyejua kwamba herufi hiyo haimo. Nilimrudishia kadi yake nikamwambia aipeleke polisi mwenyewe kabla sijaipeleka mimi.

Ukiisha kuridhika na shingo, ngoja mvua. Sisi watu wa milima ya Kasulu tumejaliwa udongo ambao, ukilowa kiasi, hupokea alama kwa uaminifu. Iendeshe pikipiki taratibu, wima, mwendo wa hatua kama thelathini kwenye njia iliyonyooka, kisha shuka ukasome: alama ya gurudumu la nyuma, ambalo ni pana kidogo, yapasa kuifunika ya mbele pande zote mbili kwa kadiri moja. Alama zikienda sambamba kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega, chesisi imepinda, au mkono wa nyuma umepinda, au mtu amefunga ekseli bila kufuata alama zilizopigwa pale cheni inapokazwa. Hilo la mwisho hurekebishwa kwa spana. Kiangazi, tumia uzi wa waashi uliovutwa tangu tairi la nyuma mpaka la mbele, kila upande.

Juu ya injini sitasema mengi, maana kila mtu ana lake la kusema. Sikiliza ikiwa baridi, tazama moshi wa bluu, angalia kama kava la kushoto limechomelewa. Chujio la hewa lililojaa udongo mwekundu hunieleza tabia ya mwenye chombo kuliko maneno yake yote.

Huenda ukali wangu unatokana na nilivyolelewa katika kazi hii. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2009 na kanuni za 2010 kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, pikipiki zilikuwa chache huku kwetu, na zilizokuwapo nyingi zilikuwa za misheni, za mabwana shamba na za mashirika yaliyohudumia wakimbizi tangu Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Yamaha AG 100, yenye cheni iliyofunikwa nzima, keria mbele na nyuma, na stendi ya pembeni kila upande, ilikuwa ikiuzwa mnadani imechoka, imepauka, imekwaruzwa kila mahali, na bado shingo yake imenyooka vilevile. Watu waliinunua kwa kuitazama chini. Hakuna aliyepiga makofi kwa ajili ya stika.

Basi, chombo kikiisha kuvuka yote hayo, ndipo bei izungumzwe. Kilichoanguka hakizidi nusu ya bei ya kipya, hata kiwe kizuri namna gani. Katika nusu hiyo utoe foku, rimu na gololi za shingo, ambazo utazibadilisha hata zikionekana nzima, na utoe pia ada ya kubadilisha umiliki. Jina lililo kwenye kadi na liwe la mtu aliyesimama mbele yako, kwa kuwa pikipiki nyingi za kazi huendeshwa kwa mkataba na anayeiuza huenda hajamaliza kumlipa mwenyewe. Muuzaji akiwa na udhuru wa kutokwenda nawe TRA siku hiyohiyo, mwambie utamsubiri mpaka aupate wasaa, na fedha zikae kwako mpaka siku hiyo.