Gari ya moshi ya Tintin na gari ya moshi yetu

Ndugu msomaji, katika kijitabu hiki tumezoea kuzungumza juu ya ngoma, ndoa, methali na mambo mengine ya wazee. Safari hii tunashika kitabu cha mapicha. Wengine watauliza: Tintin anahusu nini na desturi za Kasongo na Kabambare? Tunajibu: anahusu sana, kwa sababu hadithi wanayopewa watoto nayo inageuka kuwa desturi. Na ndani ya kitabu hicho muko treni.

Tunasema juu ya «Tintin au Congo» cha Mbelgiji Hergé. Kilianza kutolewa katika gazeti la watoto kule Bruxelles mwaka 1930, kikawa kitabu mwaka 1931, na mwaka 1946 kikachorwa upya kwa rangi. Hergé alipokianza alikuwa kijana wa miaka 23, na Kongo hakupata kufika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuangalie ile sehemu ya treni. Motokari ya Tintin inakwama juu ya reli. Treni ndogo ya moshi inakuja, imejaa watu weusi. Msomaji anangoja motokari ivunjwe. Sivyo: motokari inabaki nzima, na ni treni inayoanguka ubavu! Abiria wanalalamika, Tintin anawaamuru wafanye kazi waiinue, mbwa wake anawagombeza kwamba ni wavivu. Mwishoni motokari inaivuta treni yote mpaka kijijini, na watu wanamshukuru bwana.

Wengi wamekwisha kukilaumu kitabu hiki kwa midomo ilivyochorwa na kwa maneno ya kitoto waliyotiwa watu wetu. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini sisi tunaona kosa lingine, tena lenyewe ni la ndani zaidi: picha hii inaficha kazi. Inaonyesha treni kama kitu cha kuchezea, na mtu mweusi kama abiria tu asiyejua kitu. Nani alilaza reli? Nani alikata kuni? Kitabu hakiulizi.

Sasa tutazame mambo yenyewe. Tintin anashuka Matadi. Njia ya reli ya kule, iliyofunguliwa mwaka 1898, ilikuwa nyembamba kweli, karibu sentimita 75 kati ya reli na reli. Lakini hesabu ya serkali yenyewe ilikubali kwamba watu 1.932 walikufa katika kuijenga: weusi 1.800 na weupe 132. Treni ndogo, makaburi mengi.

Huku kwetu kampuni ya CFL ya tajiri Empain iliundwa mwaka 1902, ikapewa hekta milioni 4 za ardhi pamoja na kazi ya kujenga. Njia zake zilikuwa za upana wa mita moja. Zilikatwa vipande-vipande ili kuruka maporomoko ya Lualaba: Kisangani mpaka Ubundu kilometa 125, mwaka 1906; Kindu mpaka Kongolo kilometa 355, mwaka 1911; Kabalo mpaka Kalemie kilometa 273, mwaka 1915. Katikati watu na mizigo walipanda mashua ya moshi. Maana yake ni kwamba kila mzigo ulishushwa treni, ukapakiwa mashua, ukashushwa tena, ukapakiwa tena. Kwa mabega ya nani? Mashini yenyewe ilikula kuni na kunywa maji siku kutwa, na kila gogo lilitoka porini kwa shoka la mtu wa kijiji fulani. Hao ndio hawako katika picha za Hergé.

Tena ile treni dhaifu ya kuangushwa na motokari, tuilinganishe na hii. Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza, Waingereza walitaka kupambana na Wajeremani juu ya ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini. Zilipita Katanga, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo ni treni hiyohiyo ya upana wa mita moja iliyozibeba mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba ya mwaka ule zikakamata meli ya Wajeremani Kingani. Kumbe mashini ndogo haikuwa mchezo.

Basi, turudi kwetu kabisa. Reli ya Kindu–Kongolo inapita ng'ambo ya kushoto ya Lualaba, kwa Kibombo na Samba. Kasongo iko ng'ambo ya kuume, na mtu wa Kasongo akitaka treni lazima kwanza avuke mto. Kabambare nayo haikupata reli hata kidogo. Zamani njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare na Kasongo mpaka Nyangwe. Reli ya Kabalo ilipofika ziwani, mizigo mikubwa ikapata njia ingine upande wa kusini. Kwa hiyo hadithi ya treni kwetu si ya waliopanda tu. Ni pia ya waliopitwa, na ya waliobeba kichwani ili vitu vifike kwenye gare. Hilo halimo kwa Hergé, na haliwezi kumo: kwake Kongo ni pori moja lisilo na miji wala njia za zamani.

Tuseme haki: Hergé mwenyewe baadaye alikubali kwamba alichora mawazo ya watu wa mazingira yake, waliomwona Mwafrika kama mtoto mkubwa. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja wa Bruxelles, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliomba tribinali ikizuie kitabu. Mwaka 2012 tribinali ilikataa. Sisi hatuombi kichomwe. Mtoto akifichwa kitabu, atakipata kwa mlango wa nyuma, na hapo hatakuwa na mtu wa kumfasiria.

Lakini kuna walimu na wazee wengine wanaosimulia treni sawasawa na Hergé bila kujua: «Mzungu alileta gari ya moshi», nukta, hadithi imekwisha. Haitoshi, bwana! Mzungu alileta mashini na deni la jasho. Njia iliwekwa na mikono ya watu wetu. Anayefundisha mtoto sentensi ile tu anamfundisha kungoja motokari ya Tintin ije kumvuta.

Pendekezo letu ni dogo. Mwalimu afungue kurasa zile mbele ya darasa, awaulize watoto: nani anafanya kazi hapa? nani anaamuru? nani hakuchorwa? Kisha watoto waende kwa wazee wa posti za kuni, wa gare na wa bandari, waandike majina ya kazi, majina ya vyombo, na habari za waliokwenda wasirudi. Mashini za moshi zimekwisha kunyamaza, na wanaozikumbuka zikipiga filimbi wanapungua kila mwaka. Picha ya Hergé yenyewe haizeeki, inauzwa mpaka leo. Tusipoandika yetu, ni ile tu watakayoirithi wajukuu.