Subiri Swali la Tatu

Kwa miaka kadhaa sasa Jumamosi zangu nyingi zimeishia kwenye vikao vya wasanidi programu, hapa Dar es Salaam na mara chache Nairobi. Nimekaa kwenye viti vya plastiki, nimekaa kwenye zulia, nimewahi kusimama saa tatu nzima kando ya meza ya sambusa kwa sababu ukumbi ulijaa. Vijana huniuliza: kati ya matangazo yote haya yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, niende lipi? Nauli ya kutoka Kibaha si ndogo, na Jumamosi ya mtu anayefanya kazi siku sita ni mali. Swali lao linastahili jibu refu kuliko ninalowapa pale mlangoni.

Tangazo lenyewe husema mengi. Soma jina la mada kabla hujasoma jina la mtoa mada. Mada inayoitwa "Mustakabali wa Wingu Afrika" haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuitoa, na atakayeitoa hatakuwa amevunjika kidole. Mada inayoitwa "Tulivyohamisha hifadhidata ya miamala bila kufunga huduma, na usiku tuliolazimika kuirudisha" ina mwenyewe, ina tarehe, ina watu waliokesha. Kisha tazama muda. Mada nane kwa alasiri moja maana yake ni kwamba hakuna aliyepewa nafasi ya kuulizwa. Mimi huridhika na mada mbili, kila moja dakika 25 za kusema na 20 za kuulizwa. Nembo za wadhamini hazinisumbui, mradi mdhamini ameleta fundi wake na si afisa masoko wake.

Vikao hivi vina asili, na kuijua husaidia kuvipima. Machi 5, 1975, watu zaidi ya 30 walikusanyika kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kuitazama kompyuta mpya ya Altair 8800. Hapo ndipo ilipozaliwa Homebrew Computer Club. Baadaye Lee Felsenstein alipokuwa akiongoza mikutano, kulikuwa na sehemu mbili: kwanza watu walisimama wakaeleza wana nini na wanatafuta nini, kisha wakaachiana viti na kutafutana. Steve Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta aliyoibuni, ile iliyokuja kuitwa Apple I. Jukwaa lilikuwa dogo, sakafu ndiyo iliyokuwa na kazi. iHub ilipofunguliwa Nairobi mwaka 2010, kwenye jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, wengi waliovutiwa nayo walifuata hilohilo: mahali pa kumkuta mtu aliyekwama palepale ulipokwama wewe.

Sasa mada zenyewe. Ya kuhamia wingu ndiyo rahisi kuliko zote kuipamba. Chora sanduku kushoto, chora wingu kulia, weka mshale katikati, ukumbi utapiga makofi. Mimi husubiri bili. Mtoa mada anayejua anachosema ataonyesha bili ya mwezi kabla ya kuhama, ya miezi ya kuhama, na ya baada ya kuhama. Miezi ya katikati huwa inauma, kwa sababu unalipia seva za zamani ambazo bado hujathubutu kuzizima na mashine mpya ambazo bado hujaziamini. Tena bili inakuja kwa dola ilhali mapato yanaingia kwa shilingi. Na kuna jambo ambalo wageni wa wingu hulijua wakiwa wamechelewa: data kuingia huko aghalabu ni bure, kutoka ndiko kunakolipiwa, gigabaiti kwa gigabaiti.

Dada mmoja aliyekuwa akihudumia programu ya hesabu za vikoba alituonyesha bili yake bila kuficha hata mstari mmoja. Mwezi wa pili ilikuwa imeruka kiasi cha kumtisha mwajiri wake. Alichimba siku nne akagundua kwamba kila mwanachama alipofungua programu, picha zote za stakabadhi za kikundi zilishushwa upya, kwa ukubwa wake wote. Kwenye seva ya zamani, iliyokuwa ofisini na inalipiwa bei moja kwa mwezi, kosa hilo lilikaa miaka miwili bila mtu kulihisi. Wingu lililipa jina na bei. Alituonyesha msimbo uliokosea, akatuonyesha uliosahihisha, na ukumbi mzima ulikuwa ukiandika. Nilijua palepale kwamba nauli yangu imerudi.

Kitu cha pili ninachokisikiliza ni umbali. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Dublin, kwenye vituo vikubwa vya data vya Ulaya, ni zaidi ya kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75, na nyaya za baharini hazinyooki. Ukurasa mmoja wa programu ukipiga hodi kwenye seva mara 12 mfululizo, moja ikingoja nyingine, karibu sekunde nzima imeshapotea barabarani kabla seva haijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa Microsoft ilipofungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Mtoa mada wa kweli amepima Ulaya na Afrika Kusini, na hakupima kwa intaneti ya ofisini. Alipanda daladala na simu mkononi, akapimia Gongo la Mboto.

Hapa kwetu kuna swali moja ambalo huchuja watoa mada wa wingu kwa haraka ajabu: Mei 12, 2024, mfumo wenu ulikuwaje? Siku hiyo nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Tanzania tuliumia sana. Aliyekuwa na mfumo halisi na wateja halisi anaikumbuka siku ile kama watu wanavyokumbuka mafuriko. Atakuambia nini kilizimika, nini kilibaki, na alibadilisha nini baadaye. Asiyekumbuka, mfumo wake ulikuwa bado kwenye slaidi.

Sheria hutajwa kidogo mno, nami humpa alama mtu anayeitaja bila kuulizwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kuhama pia si lazima kuwe kwenda mbali. Mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilikuwa Ujerumani kwa miaka mingi hadi ilipoletwa Kenya mwaka 2015.

Jihadhari na anayesema alihama wikendi moja bila tatizo. Netflix ilianza safari yake baada ya hifadhidata kuharibika Agosti 2008, ikashindwa kutuma DVD kwa wateja siku tatu. Ilimaliza Januari 2016. Miaka zaidi ya saba, kwa kampuni yenye mafundi wa kila namna, na sababu mojawapo ni kwamba haikubeba mfumo wa zamani jinsi ulivyo. Iliujenga karibu wote upya. Si kila mtu anahitaji kujenga upya, na kubeba mzigo ulivyo kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Ninachotaka kusikia ni kwa nini, na mlango wa kurudi nyuma uliachwa wazi kwa muda gani.

Mada za programu za simu huzipima kwa njia fupi zaidi: simu iko wapi? Anayeonyesha kazi yake kwenye simu ya kuigiza iliyo ndani ya laptopu ya gigabaiti 16 ananionyesha laptopu yake. Anayetoa mfukoni itel au Tecno yenye kioo kilichopasuka, kumbukumbu imejaa picha za harusi, ananionyesha mteja wake. Google yenyewe ilitangaza Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au chini, na simu za aina hiyo bado zimo mikononi mwa watu wetu wengi. Android ikiona programu imeganda sekunde 5 bila kuitikia kidole, humwambia mtumiaji kwamba haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga. Basi mwombe mtoa mada azime data katikati ya onyesho, kwa heshima lakini mwombe. Ukiona uso wake umetulia, kaa chini ujifunze.

Jingine la kutazama ni fedha. Tangu Safaricom ifungue Daraja, lango la wasanidi programu kuingia M-Pesa, mwaka 2017, kuunganisha programu na malipo kumekuwa rahisi kiasi kwamba kila onyesho lina kitufe cha "Lipa". Onyesho la kawaida hubonyeza mara moja, ujumbe wa muamala unaingia, makofi. Fundi hubonyeza mara mbili. Mtandao ukichelewa, jibu la malipo likafika baada ya mteja kukata tamaa na kubonyeza tena, je, mama wa watu ametozwa mara mbili? Anayeeleza jinsi kila ombi linavyopewa namba yake ya kipekee, na jinsi mfumo unavyouliza hali ya muamala badala ya kubahatisha, huyo amewahi kupigiwa simu na mteja aliyekasirika. Vilevile anayejua kwamba tangu Android 6, mwaka 2015, simu iliyolala huzizuia programu kufanya kazi nyuma ya pazia, na kwamba watengenezaji wengine wa simu huongeza ukali wao juu ya huo. Dereva wa bodaboda anayepotea kwenye ramani kila anapozima kioo, mara nyingi kisa ni hicho.

Hukumu yangu ya mwisho, hata hivyo, huiweka hadi swali la tatu. La kwanza ni la adabu, huulizwa na rafiki wa mtoa mada au na mwandaaji ili ukumbi usinyamaze. La pili mara nyingi ni hotuba fupi ya mtu anayetaka ajulikane naye yupo. La tatu huulizwa na mwenye shida. Siku ya yule dada wa vikoba, lilitoka kwa kijana aliyekaa ukutani karibu na soketi ya umeme.

"Dada, hongera. Mimi nina mzigo kama huo kazini na umenikwamia. Mlipohamisha seva, wale wenye toleo la zamani la programu mliwafanyaje?"

Yule dada aliweka kipaza sauti chini kidogo, akacheka. "Hapo umegusa kidonda, kaka." Akaeleza kwamba seva unaweza kuihamisha usiku mmoja, lakini programu iliyo kwenye simu ya mtu ni ya mtu, hasasishi kwa sababu bando ni ghali au nafasi imejaa, na itaendelea kupiga hodi kwenye anwani ya zamani mwezi baada ya mwezi. Waliiacha anwani ile hai, ikipokea na kupeleka maombi kule kupya, wakawa wanasoma kumbukumbu za seva kila wiki kuona nani amebaki. Vikundi vichache vya mwisho waliwapigia simu kimoja kimoja. Kabla hajamaliza, mzee mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma alinyanyuka kusema kwamba wao walifanya tofauti: toleo lililotangulia kuhama walilifundisha kuuliza anwani kila linapofunguliwa, hivyo siku ya kuhama hawakuhitaji kumgusa mtu. Wakabishana dakika kumi, kwa Kiswahili kitupu, wakitaja kila kitu kwa jina ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelielewa. Hilo nalo hulisikilizia. Mtu anayeweza kueleza kazi yake kwa lugha ya nyumbani, bila kujificha nyuma ya maneno ya kwenye vitabu, ameielewa kazi yake.

Mwandaaji anaweza kuyaua yote haya kwa kusema "muda umetuishia". Wa siku ile alikuwa mahiri: alimzuia mtoa mada aliyefuata kwa ishara ya mkono, akawaacha wale wawili waendelee. Aliona pia kwamba mabinti watatu wa mstari wa mbele walikuwa wamenyoosha mikono na kuishusha mara mbili, akawapelekea kipaza sauti mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mimi hufungua kiungo cha msimbo kilichotolewa kikaoni. Vingi huwa havifunguki, au vina faili moja na ahadi. Cha yule dada kilifunguka. Kilikuwa kimeshapokea marekebisho mawili kutoka kwa watu wengine, na la pili lilikuwa la kuuliza anwani kila programu inapofunguliwa, na maelezo mafupi juu yake: "kama tulivyobishana Jumamosi".