O.K. Bar: jina lililoishi kuliko nyumba yake

Katika maandishi mengi juu ya rumba yetu, tunakuta majina ya waimbaji na wapiga gitaa, lakini mwenye baa haonekani. Sisi tunaona hilo ni kosa, na O.K. Bar ya Léopoldville inatosha kulionyesha.

Baa hiyo ilikuwa ya Oscar Kassien, aliyeitwa pia Oscar Kashama. Mwaka wa 1956, wanamuziki wa studio Loningisa, kati yao Franco, Essous na Vicky Longomba, walikuwa wakipiga hapo mbele ya watu wa cité. Mwezi wa sita orkestra ikazaliwa, ikachukua jina la nyumba iliyoipokea: OK Jazz. Studio iliwapa diski; baa iliwapa watu wa kucheza.

Wengine wanasema O na K ni "Orchestre Kinois". Maana hiyo inapendeza, inaheshimisha mji mzima. Lakini inamfuta mutu mmoja aliyefungua mlango wake. Tusiikubali haraka.

Tena OK ni kusema "sawa". Franco aliona mchezo huo mapema. Wimbo wake wa 1956, "On entre O.K., on sort K.O.", kwa jina lake tu unatuchorea baa: unaingia muzima, unatoka umeangushwa. Na nini, bia ao muziki? Kila mutu ajibu mwenyewe!

Kisha wakaongeza "Tout Puissant", ikawa TPOK Jazz. Herufi za baa zikabaki. Franco alifariki 1989, na miaka michache nyuma yake wenzake wakaunda Bana OK, maana yake watoto wa OK. Kumbe baa imekuwa muzazi.

Tangu 2021 rumba ya Congo zote mbili iko kwenye liste ya urithi ya UNESCO. Tunafurahi. Ila rumba haikuchezwa hewani: ilitaka nyumba, meza, na mutu wa kununua bia. Ukihifadhi wimbo na kusahau nyumba, umehifadhi nusu.

Ndugu wasomaji, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi, hata kijijini, baa za zamani zinabomolewa. Waulizeni wazee: iliitwa namna gani, jina lilitoka wapi, nani alinunua gitaa? Andikeni sasa, wazee wangali hapa.