Milimita Saba kwa Kila Mita

Gari lenyewe ni kipande cha msonobari kinachoenea kiganjani, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne. Halina injini wala betri, na hakuna anayelisukuma. Huachiwa juu ya mteremko, likashuka kwa uzito wake, likaingia sehemu tambarare na kuvuka mstari baada ya sekunde tatu hivi. Aliyeubuni mchezo huu mwaka 1953 ni Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo wa Manhattan Beach, California. Mwanawe wa miaka 10 alikuwa bado mdogo kwa mashindano ya yale magari ya mbao ambayo mtoto hupanda na kuyaendesha mwenyewe. Tangu hapo mchezo huo, uitwao Pinewood Derby, umekuwa wa watoto wa Marekani, na wa baba zao pia, ambao mara nyingi ndio hasa wanaokesha na tupa na msasa.

Uzito hauruhusiwi kuzidi aunsi 5, yaani gramu 142 hivi, na kila mwenye akili zake huufikia ukomo huo. Wote huanzia kimo kimoja. Kwa hiyo mtaji ni karibu sawa. Tofauti ni kiasi kinacholiwa njiani, na mlaji anayenivutia mimi ni msuguano kati ya msumari na tundu la gurudumu.

Utazame huo msumari kwa kioo cha kukuzia. Chini ya kichwa chake pana vinundu vilivyoachwa na mashine, na mwilini mikwaruzo. Vinundu huondolewa kwa tupa, mikwaruzo kwa msasa laini na kisha ulio laini zaidi, mpaka chuma kianze kurudisha mwanga. Halafu hupakwa unga mweusi wa grafiti. Hadi hapo ni kazi ya mikono, na wengi wanaiweza. Ufundi ninaousifu ni wa yule anayejua kazi hiyo imezaa nini kabla ya siku ya mashindano.

Wengi hulizungusha gurudumu kwa kidole na kuhesabu sekunde hadi lisimame. Linapendeza kulitazama, lakini linadanganya. Likiwa mkononi, msumari umebeba gurudumu tu, gramu 3 hivi. Barabarani kila msumari hubeba robo ya gari, gramu 35. Aliyepima mzigo mwepesi asishangae mzigo mzito ukimpa jibu jingine.

Mkadiriaji hodari huchukua ubao ulionyooka wa mita 1, akaliweka gari juu yake, akainua ncha moja kidogo kidogo huku akiligusa gari lianze kwenda. Hutafuta ule mwinamo ambao gari haliongezi mwendo wala halipunguzi. Hapo mteremko unalipa deni la msuguano kamili, bila chenji. Kwa gari lililotengenezwa vizuri, ncha huwa imeinuka kama milimita 7.

Kipimo hicho hakihitaji kujua uzito wa gari wala ulaini wa chuma. Njia ya mita 10 italigharimu gari sentimita 7 za kimo. Likianzia sentimita 120, limebakiwa na 113. Ukitaka kujua kwa nini deni ni dogo hivyo, tazama msumari, ambao ndio ekseli: gurudumu likizunguka mara moja gari husogea sentimita 9 na ushei, ilhali plastiki imesugua chuma kwa milimita 7 tu. Kwenye mteremko mzigo hupungua kidogo, na hewa nayo ina hesabu yake, lakini mkadiriaji huyaacha hayo akijua anayaacha.

Kuna hila ya kuliinua gurudumu moja la mbele lisiguse njia, na wanaoifanya husema wamepunguza robo ya msuguano. Guillaume Amontons alieleza mjini Paris mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata mzigo unaokandamiza, si ukubwa wa eneo linalogusana. Mzigo wa gurudumu lililoinuliwa haupotei. Huhamia kwa matatu yaliyobaki, na ubao utakuonyesha karibu milimita zile zile. Hata hivyo hila inafaa, kwa sababu nyingine: gurudumu lisilogusa halizunguki, na nguvu ambayo ingelizungusha hubaki katika mwendo wa gari. Ni faida ndogo mno kuonekana kwa macho, ila saa za elektroniki za mashindano husoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde.